Shule na Msimu wa Korosho: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Nachingwea na Ruangwa

Mwaka wa shule huanza Januari na kufungwa Desemba. Mwaka wa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa una mpangilio wake. Mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba watu wanahamia mashambani. Januari hadi Machi ni palizi. Mei na Juni ufuta unakatwa, Juni hadi Agosti mikorosho inapuliziwa dawa, Agosti na Septemba mbaazi zinapurwa, na kuanzia hapo hadi Desemba kila mwenye mikono yuko chini ya mikorosho akiokota.

Linganisha kalenda hizi mbili, utaona shida inakoanzia. Mtoto anayehitajika darasani Februari ndiye anayehitajika kwenye palizi. Mchango unaoombwa Machi unamkuta mzazi ghala tupu na mfuko mtupu. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, wakati korosho za kwanza zinadondoka. Mwalimu anaona mzazi hajali elimu. Mzazi anaona mwalimu hajui maisha ya kijijini. Wote wawili wanamtakia mtoto mema, lakini wanakutana wakati mambo yameshaharibika.

Makala hii inapitia mambo yanayoleta mvutano mwingi kati ya nyumbani na shuleni katika wilaya hizi mbili. Kwa kila jambo tunaeleza sheria au mwongozo unasemaje, watu wanabishania nini, na nini kifanyike mapema.

Bure ni ipi, na ya mzazi ni ipi

Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada na michango ya lazima viliondolewa tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne. Julai 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Waraka Namba 3 wa mwaka 2016 ndio uliogawa majukumu. Serikali inalipa fidia ya ada na kupeleka ruzuku ya uendeshaji shuleni. Mzazi anabaki na sare, madaftari, kalamu, matibabu ya mtoto na chakula cha mwanafunzi wa kutwa.

Ruzuku ni kiasi gani? Kiwango kilichotumika tangu mpango huo uanze ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubakizwa kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule. Piga hesabu kwa shule yenye wanafunzi 400: ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, sawa na 200,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, mipira, kufuli la ofisi na bati lililong'olewa na upepo. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayesema fedha hazitoshi anasema kweli, na mzazi anayetaka kujua zimetumikaje naye ana haki yake. Fedha zilizopokelewa na matumizi yake zinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Ukipita shuleni, usimame uusome. Kama hakuna kitu, uliza kwa heshima kwenye mkutano, si barabarani.

Kuhusu michango, Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kuwachangisha wazazi, akaelekeza kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tangu wakati huo njia iliyo salama ni hii: wazazi wenyewe wanakubaliana kwenye mkutano, muhtasari unaandikwa na kusainiwa, kibali kinaombwa kwa mamlaka za wilaya, na fedha au vifaa vinapokewa na kamati ya shule kwa stakabadhi. Mtoto hafukuzwi wala hazuiwi kufanya mtihani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Hilo halina mjadala.

Jambo moja linalomsaidia sana mkulima wa korosho: fedha za mnada huingia benki kati ya Oktoba na Desemba, na mahitaji makubwa ya shule yanakuja Januari. Mwenye mtoto anayetarajiwa kuingia kidato cha kwanza anunue sare, viatu, begi na madaftari malipo ya mnada wa kwanza au wa pili yanapoingia, kabla ya sikukuu. Januari fedha imekwisha, na mtoto anachelewa kuripoti kwa sababu ya jozi ya viatu.

Chakula cha mchana: kusanyeni wakati wa mavuno

Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi bila kitu tumboni, akatembea kilomita kadhaa, hawezi kumsikiliza mwalimu saa saba mchana. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni, ambao unaweka jukumu hilo mikononi mwa wazazi na jamii wakisimamiwa na kamati ya shule. Shule nyingi zimejaribu na kushindwa. Mara nyingi sababu ni kwamba chakula kinadaiwa Februari, wakati hata nyumbani watu wanahesabu debe la mwisho.

Dai mahindi Juni na Julai, yakiwa yamevunwa. Dai mbaazi Septemba. Mbaazi ni chakula chenye protini ambacho wilaya hizi zinalima kwa wingi. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoingia nchini mwake, bei ilianguka vibaya na magunia yakabaki majumbani. Mwaka ambao bei si nzuri, sehemu ya mbaazi hizo inaweza kuliwa na watoto wetu wenyewe.

Kabla gunia la kwanza halijapokewa, kamati ikubaliane mambo manne. Kwanza, kipimo kwa kila mtoto, kwa debe au kwa kilo. Pili, nani anatunza daftari la mapokezi. Mzazi asaini palipoandikwa jina lake na kiasi alichotoa. Tatu, nani anashika funguo za stoo; zisikae kwa mtu mmoja. Nne, asiye na mazao atoe nini: mzigo wa kuni, siku za kupika, au siku za kulima shamba la shule. Mpango usio na nafasi kwa mjane au bibi anayelea wajukuu utakufa katikati ya muhula. Na chakula kinachopikwa kiliwe na watoto wote waliopo, kwa sababu hakuna mwalimu anayeweza kufundisha darasa ambalo nusu yake imekaa nje ikinusa uji wa wenzao.

Utoro wa palizi na utoro wa korosho

Darasa la watoto sitini Januari linaweza kuwa na arobaini Machi. Wengine wamefuata wazazi kwenye mashamba ya mbali, wengine wanalinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe, na Oktoba wengine wamepata kibarua cha kuokota korosho kwenye shamba la mtu. Kumsaidia mzazi kazi baada ya masomo na siku za mapumziko si kosa. Wengi wetu tulikua hivyo. Kosa ni kumtoa mtoto darasani, na Sheria ya Elimu inamruhusu mtendaji kumfikisha mzazi mahakamani.

Lakini mahakama haimrudishii mtoto somo alilokosa. Ukijua utahamia shambani kwa miezi miwili au mitatu, mwache mtoto kwa shangazi au jirani wa kuaminika, tena kwa makubaliano ya wazi kuhusu chakula chake. Kama hilo haliwezekani, nenda kwa mwalimu mkuu uombe uhamisho wa kwenda shule iliyo karibu na shamba. Vitongoji vilivyo mbali na shule mama vinaweza kuomba shule shikizi kwa ajili ya watoto wadogo. Mwaka 2021, fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19 zilipojenga vyumba 15,000 vya madarasa nchini, 3,000 kati yake vilikuwa vya shule shikizi.

Walimu nao wana la kufanya. Chukua daftari la mahudhurio la miaka miwili iliyopita, hesabu waliokosekana kila mwezi, na utaziona wiki ambazo darasa hupungua. Mada ngumu za hesabu na kusoma zisiwekwe wiki hizo kama kuna namna ya kuzisogeza, na vipindi vya marudio viwekwe mara tu watoto wanaporudi. Kwenye vijiji vilivyo jirani na mapori ambako tembo wamekuwa wakiingia, wazazi wapeane zamu ya kuwasindikiza watoto kwa makundi, na shule isimwadhibu aliyechelewa kwa sababu hiyo.

Liko jambo moja ambalo viongozi wa mikoa ya kusini wamelilalamikia mara nyingi: mzazi kumwambia mtoto aandike ovyo kwenye mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe kwenda sekondari. Mzazi anaogopa gharama, au anataka msaidizi wa shambani, au ameshapokea posa. Mtoto anatii kwa sababu amefundishwa kutii, na matokeo yake atayabeba maisha yake yote. Mwalimu akimwona mwanafunzi mzuri ameanguka ghafla kwenye mitihani ya majaribio, amwite azungumze naye faragha kabla ya Septemba.

Jando na unyago ziheshimu likizo

Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, jando na unyago ni mlango wa kuingia utu uzima, na mzazi asiyempeleka mtoto wake anaonekana amemwacha njiani. Anayezibeza mila hizi hasikilizwi na mtu. Anayetaka mabadiliko azungumze na makungwi na manyakanga, maana wao ndio wanaosikilizwa.

Yako mambo matatu ya kukubaliana nao. La kwanza ni muda: shughuli ianze na kumalizika ndani ya likizo ndefu ya Juni au ya Desemba, ngoma ya kuwatoa ikiwemo. Kijiji kikikaa na mwalimu mkuu Aprili kupanga tarehe, hakuna mtoto atakayekosa hata siku moja. La pili ni umri: mafunzo yaliyokusudiwa kwa binti aliyevunja ungo hayamfai mtoto wa miaka saba au minane. La tatu ni maana. Usafi, heshima kwa wakubwa na kujitunza ni mafunzo mazuri ambayo shule pia inayahitaji. Kumwambia mtoto kwamba ameshakuwa mtu mzima na yuko tayari kwa mume ni jambo jingine, na ndilo linalomwondoa darasani.

Sheria imeshalisemea hilo. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na yanakataza ndoa ya mwanafunzi. Mwaka huo huo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019.

Binti akipata mimba

Zamani mlango ulifungwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, waliojifungua wakiwemo, wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaweka utaratibu. Bado wapo wazazi ambao hawajalisikia hilo, na wapo wanaosema ruhusa hiyo inawafundisha mabinti vibaya. Tumtazame binti mwenyewe: ana miaka 15, ana mtoto mgongoni, na hana cheti cha kidato cha nne. Kumfungia shule kunamwachia kibarua cha mashambani na ndoa asiyoichagua. Hakuna mwenzake atakayeona maisha hayo akayatamani.

Mzazi aende kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule mapema, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha binti na kumbukumbu za masomo yake. Kama kurudi alikotoka ni kugumu kwa sababu ya aibu, aombe uhamisho. Asiyetaka darasa la kawaida anaweza kusoma sekondari kwa njia mbadala kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na mtoto aliyekosa elimu ya msingi aulize darasa la MEMKWA. Suala la aliyempa mimba lisimalizwe kwa vikao vya ukoo na fidia ya mbuzi. Taarifa ipelekwe Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii, au ipigwe namba 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto.

Viboko: kanuni inasema nini hasa

Hapa ndipo mzazi na mwalimu hugombana hadi kufikishana polisi. Wako wanaoamini shule bila fimbo haina nidhamu, na wako wanaotaka fimbo iondolewe kabisa. Wakati mjadala unaendelea, kanuni zipo na zinafunga kila mwalimu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 1979, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinasema adhabu hiyo ni kwa makosa makubwa ya nidhamu tu. Viboko visizidi vinne. Anayeadhibu ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu: jina, kosa, idadi ya viboko, aliyeadhibu, na saini ya mkuu wa shule.

Kwa hiyo kumchapa mtoto kwa kukosa hesabu, kwa kuchelewa au kwa kutokuwa na kalamu kuko nje ya kanuni. Kofi, ngumi na fimbo ya kichwani havimo popote. Mtoto akirudi ameumia, mpeleke kituo cha afya kwanza, tunza karatasi za matibabu, kisha nenda kwa mwalimu mkuu uombe kuona kitabu cha adhabu. Usiende shuleni na panga, na usimtukane mwalimu mbele ya wanafunzi, kwa maana utakuwa umeipoteza kesi yako mwenyewe. Na mwalimu mwenye madarasa makubwa, anayeona hana njia nyingine, ajue kwamba adhabu inayoacha jeraha inaweza kumfikisha mbele ya Tume ya Utumishi wa Walimu na mahakamani.

Mtaala mpya: andaeni mwaka 2027

Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza kufundishwa Januari 2024. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, na waliowatangulia watamaliza darasa la saba mwaka huo huo. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mkutano wa kijiji ambao bado haujauliza vyumba, madawati, matundu ya vyoo na hosteli vitatoka wapi umeshachelewa. Maboma yaliyoinuliwa kwa nguvu za wananchi ndiyo Serikali imekuwa ikiyamalizia, na kijiji kisicho na boma hakina cha kumaliziwa.

Lugha nayo ina mjadala wake. Sera imebakiza Kiswahili kufundishia msingi na Kiingereza sekondari, na Kiingereza kinasomwa kama somo tangu darasa la kwanza. Mtoto anaingia kidato cha kwanza akijua usanisinuru kwa Kiswahili, na ghafla anakutana nao kwa maneno asiyoyajua. Mzazi asiyejua Kiingereza bado anaweza kumsaidia. Kila jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo. Akieleza vizuri, ameelewa, na Kiingereza kitakuja. Akishindwa, amekariri tu, na huo ndio wakati wa kumwona mwalimu wake.

Mwalimu mgeni kijijini

Nachingwea ina chuo cha ualimu cha miaka mingi, na Ruangwa ilimtoa mwalimu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa. Hata hivyo shule za pembezoni bado zinapungukiwa walimu, hasa wa kike na wa sayansi na hisabati. Kiwango cha taifa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 wa msingi. Walimu wengi wanafundisha zaidi ya hapo. Mwalimu kijana anapangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga, anafuata mshahara mjini kwa bodaboda, na mwaka wa pili anaomba uhamisho.

Kijiji hakiwezi kumwongezea mshahara, lakini kinaweza kumfanya abaki. Mtafutieni chumba chenye mlango unaofungika kabla hajafika. Mwenyekiti amtambulishe kwenye mkutano. Asikodishwe nyumba kwa bei ya kumkomoa, na asiachwe peke yake anapougua. Mwalimu naye akumbuke kwamba kijiji kinamtazama: akija amelewa au akiwatuma watoto shambani kwake wakati wa vipindi, hakuna mzazi atakayemsikiliza akihimiza mahudhurio.

Ukiwa na lalamiko

Fuata ngazi, na kila ngazi uandike tarehe na uliyezungumza naye. Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, au mkuu wa shule kwa sekondari. Usiporidhika, nenda kamati ya shule au bodi, kisha Ofisa Elimu Kata, kisha Ofisa Elimu wa wilaya anayehusika na msingi au sekondari, na mwisho mkurugenzi wa halmashauri. Kosa la kinidhamu la mwalimu linapelekwa Tume ya Utumishi wa Walimu, yenye ofisi wilayani. Unyanyasaji wa mtoto hausubiri ngazi yoyote: nenda polisi au piga 116 siku hiyo hiyo.

Mwisho, ombi kwa kila kamati ya shule ya Nachingwea na Ruangwa. Kwenye mkutano wa kwanza wa Januari, bandikeni karatasi moja kubwa yenye miezi kumi na miwili. Upande mmoja andikeni palizi, ufuta, dawa, mbaazi na minada ya korosho. Upande wa pili andikeni mitihani, likizo, ukusanyaji wa chakula, tarehe za jando na unyago, na tarehe ya kusoma mapato na matumizi. Penye mgongano, kubalianeni hapo hapo na muandike. Mzazi ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa shule aanze na huo.